Haidrojeni Iliyobaki na Haidrojeni Iliyoondoka

Nilipochomoa mrija wa kwatzi kutoka kwenye tanuri lililokuwa likipitishwa haidrojeni, unga wa dioksidi ya titani uliokuwa mweupe pe jana yake ulikuwa umegeuka mweusi tii. Niliuinua usawa wa dirisha nikauzungusha polepole. Hata pale ulipogusana na kioo hapakuwa na chembe nyeupe. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa utafiti, na rangi hiyo nilikuwa nimeisubiri kwa miezi mitatu. Nilikwenda nao mbio kwa msimamizi wangu.

“Mwalimu, imekubali!”

Aliupokea mrija, akautazama kwa muda, akanirudishia. “Rangi imekubali,” alisema. “Sasa nionyeshe haidrojeni iko wapi.”

Swali hilo lilinichukua karibu miaka minne. Ninaliandika hapa kwa ajili ya yeyote anayeanza kazi hii, maana taarifa za utafiti hubeba matokeo, na siku za kukosea hubaki kwenye daftari la maabara.

Nianze na weupe wenyewe. Dioksidi ya titani ni ule unga unaotiwa kwenye rangi za ukuta, dawa ya meno na losheni za kukinga ngozi na jua. Ndani ya fuwele yake kila titani imezungukwa na oksijeni sita, na imeziachia oksijeni hizo elektroni zake nne za nje. Elektroni zote zimejaa kwenye kanda ya valensi, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya oksijeni. Juu yake ipo kanda ya upitishaji, ya titani, ambayo ni tupu. Katikati lipo pengo ambamo elektroni haina pa kukaa. Kwenye anatasi, moja ya aina za fuwele za oksidi hii, pengo hilo ni elektrovolti (kipimo cha nishati ya elektroni) 3.2 hivi, na kwenye rutili, aina nyingine, ni karibu 3.0. Mwanga tunaouona hauna nguvu ya kuirusha elektroni ng'ambo ya pengo, kwa hiyo unga hauumezi bali huutawanya wote, nasi tunaona weupe. Kinachoweza kuirusha ni miale ya urujuanimno, ile yenye urefu wa mawimbi usiozidi nanomita 388 kwa anatasi.

Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda walionyesha kwamba elektrodi ya oksidi hii, ikimulikwa, inaweza kupasua maji. Tangu hapo kilio cha watafiti kimekuwa kimoja: urujuanimno ni takriban asilimia 5 tu ya nishati ya jua inayotufikia. Ndipo mwaka 2011 kundi la Xiaobo Chen na Samuel Mao, huko California, likachapisha katika jarida la Science kwamba chembe ndogo sana za anatasi, zikikaa siku tano kwenye haidrojeni yenye shinikizo la bari 20 na joto la nyuzi 200, hugeuka nyeusi na kumeza mwanga hadi kwenye infraredi. Niliisoma makala hiyo usiku mmoja, nikairudia asubuhi. Nikaweka moyoni hesabu rahisi: haidrojeni inaleta weusi, weusi unaleta mwanga mwingi zaidi, mwanga unaleta kazi, yaani kutoa haidrojeni kutoka kwenye maji. Karibu kila kiungo cha mnyororo huo kilikuja kukatika mikononi mwangu.

Maabara yetu haikuwa na chombo cha shinikizo kubwa. Tulitumia mkondo wa argoni, gesi isiyoungana na kitu, yenye asilimia 5 ya haidrojeni, ukipita juu ya unga kwenye nyuzi 450. Baada ya swali la mwalimu nikapewa kazi moja tu: rudia kila kitu vilevile, ila toa haidrojeni, bakiza argoni. Nilikereka, kwani niliona ni kupoteza siku mbili. Nikafanya. Unga ukatoka mweusi karibu sawa na ule wa kwanza.

Nilikaa na vile vichupa viwili mezani mchana mzima. Kesho yake nikavipeleka kwenye kifaa cha Raman, kinachosoma mitetemo ya atomu kwa mwanga wa leza. Mistari ya anatasi ilikuwepo, ule mkubwa wa 144 ukiwa umenenepa kidogo. Lakini mbele zaidi, karibu na 1350 na 1590 kwa kila sentimita, palikuwa na vilima viwili vipana ambavyo mtu yeyote aliyewahi kupima kaboni anavijua. Weusi wangu ulikuwa masizi. Unga nilikuwa nimeutengeneza kutokana na butoksidi ya titani, nikaukausha kwenye nyuzi 80, na mabaki ya kikaboni yalikuwa bado yamejificha ndani yake. Yakipata moto bila hewa, yanaungua nusu na kubaki kaboni. Miezi mitatu ya vipimo ikaenda.

Nilianza upya. Safari hii unga ulichomwa kwanza hewani kwenye nyuzi 500 kwa saa nne, ukatoka safi, mweupe. Ndipo ukaingia kwenye haidrojeni. Ulitoka na rangi ya majivu yenye ubuluu kwa mbali, si mweusi hata kidogo. Lakini safari hii ule wa argoni pekee ulibaki karibu mweupe. Tofauti ilikuwa ndogo machoni, na ilikuwa ya kweli. Niliithamini kuliko weusi wote wa mwanzo.

Hapo ndipo nilipoanza kulielewa swali. Haidrojeni ikikutana na oksidi hii kwenye joto ina njia mbili. Ya kwanza ni kuingia na kubaki. Molekuli inapasuka, atomu inaacha elektroni yake na kuwa protoni tupu, na protoni hiyo inajishikiza kwenye oksijeni ya kimiani, yaani ya mpangilio wa fuwele wenyewe, na kufanya haidroksili, jozi ya oksijeni na haidrojeni. Elektroni iliyoachwa inaangukia kwa titani: Ti4+, titani iliyoachia elektroni nne, inakuwa Ti3+, iliyoachia tatu. Protoni moja, elektroni moja. Njia ya pili ni kuingia na kuondoka. Haidrojeni mbili zinaichukua oksijeni moja ya kimiani na kutoka nayo ikiwa mvuke wa maji. Pale ilipokuwa oksijeni panabaki nafasi tupu, na nyuma yake zinabaki elektroni mbili, nazo zinaangukia kwa titani vilevile.

Ugumu wote uko hapo. Njia zote mbili huzaa Ti3+. Zote huleta ubuluu, kwa kuwa elektroni iliyokaa kwenye titani humeza mwanga mwekundu na infraredi ya karibu. Zote huongeza upitishaji. Nilikandamiza unga wangu kuwa kidonge, nikagusisha nyaya za kipima ukinzani: kabla ya haidrojeni kifaa kilishindwa kusoma chochote, baada yake kikasoma kiloomu chache. Nilifurahi, nikaandika kwa wino mwekundu. Baadaye nikakumbuka kwamba namba hiyo haiwezi kuniambia kama haidrojeni ingali ndani au iliondoka na oksijeni.

Kosa lililofuata ni la karatasini, na bado ninaliona kwenye makala nyingi. Katika kipimo cha fotoelektroni za eksirei, ambamo eksirei hung'oa elektroni kutoka kwa atomu na nishati yake kupimwa, kilele kikuu cha oksijeni ya kimiani hukaa karibu na elektrovolti 530, na pembeni yake, karibu na 531.5, mara nyingi hujitokeza bega. Niliandika kwenye rasimu kwamba bega hilo ni “nafasi tupu za oksijeni.” Mhakiki mmoja aliniuliza kwa mstari mmoja: oksijeni isiyokuwepo inatoaje elektroni? Nilisoma sentensi hiyo nikahisi joto usoni. Kweli kabisa: pasipo na atomu hakuna cha kupigwa na eksirei. Bega lile kwa kawaida ni haidroksili, au maji na vitu vya kikaboni vilivyonata juu ya uso. Anayetaka kuzungumzia nafasi tupu aangalie upande wa titani, ambako Ti3+ hutokeza elektrovolti moja na nusu hadi mbili chini ya kilele cha Ti4+ kilichoko karibu na 458.8, na hata hapo atakuwa ameona elektroni, hajaona ilikotoka.

Kilichonifungua macho hakikuhitaji tanuri wala pampu. Mwenzangu mmoja maabarani alinionyesha: anatasi ya chembe ndogo sana ndani ya ethanoli, kimiminika kama maziwa yaliyotiwa maji, ndani ya kichupa chenye kizibo cha mpira. Unapitisha argoni kwa nusu saa kuifukuza oksijeni, kisha unawasha taa ya urujuanimno. Dakika chache hakuna kitu. Halafu upande unaoelekea taa unaanza kuwa na wingu la samawati, wingu linakoza, na baada ya saa moja kichupa kizima ni buluu kama wino wa kalamu. Ukizima taa, rangi inabaki. Tulikiacha kichupa kabatini usiku kucha na asubuhi kilikuwa buluu vilevile.

Kilichotokea ni hiki. Mwanga unairusha elektroni juu na kuacha tundu kwenye kanda ya valensi. Ethanoli inalijaza tundu hilo kwa elektroni yake, na yenyewe inatoa protoni. Elektroni ya juu sasa imekosa mwenziwe wa kurudia, na protoni inakuja kukaa karibu nayo kwenye uso wa chembe. Ni jozi ileile: protoni kwenye oksijeni, elektroni kwenye titani. Hakuna oksijeni iliyong'olewa kwa joto, wala unga haukuona haidrojeni ya gesi.

Kisha mwenzangu alichoma sindano kwenye kizibo na kuingiza hewa kidogo. Juu kabisa, pale hewa ilipogusana na kimiminika, weupe ukarudi. Ukaanza kushuka kama pazia, mpaka wake ukiwa wazi kabisa, buluu chini na nyeupe juu. Nilitikisa kichupa mara mbili, kikawa maziwa. Oksijeni ya hewani ilizichukua elektroni, na protoni zikaondoka pamoja nazo. Niliomba turudie. Tulirudia mara tatu siku hiyo, nami nikaacha kuiwazia haidrojeni kama rangi inayopakwa kwenye unga. Ni mgeni anayeweka amana: anaacha elektroni, na amana hiyo inadumu tu maadamu yupo wa kuilinda na hayupo wa kuichukua.

Mtu wa hesabu katika kundi letu alinisaidia kuona elektroni hiyo inakaaje. Alitumia kwanza njia ya kawaida ya kukokotoa, elektroni ikasambaa juu ya titani zote kama maji kwenye sahani. Alipoongeza sahihisho la msukumano wa elektroni, kwenye rutili ikajikusanya juu ya titani moja, ikazisukuma oksijeni jirani kidogo na kujitengenezea kikao. Wanafizikia huiita polaroni. Mwaka 2006 watafiti Di Valentin, Pacchioni na Selloni walikuwa wameshaonyesha kwa njia za namna hiyo kwamba uso wa rutili wenye haidroksili na ule wenye nafasi tupu hutoa viwango vya nishati vinavyofanana sana, karibu elektrovolti moja chini ya kanda ya upitishaji. Kwa maneno mengine, hata nadharia inakiri kuwa mapacha hawa ni vigumu kuwatenganisha kwa sura.

Nilipata faraja nilipoanza kusoma historia ya darubini za ncha, zile zinazoona atomu moja moja. Kwenye uso wa rutili uitwao 110 watu waliona madoa angavu katikati ya safu za titani, na kwa miaka kadhaa walibishana: ni nafasi tupu au ni haidroksili? Mwaka 2000 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kwa kutumia ncha hiyo unaweza kuziondoa atomu za haidrojeni kutoka kwenye uso. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 ilieleweka kwamba hata ndani ya utupu mkali, mabaki ya mvuke wa maji huzifuata nafasi tupu, na kila nafasi tupu ikipata molekuli moja ya maji hugeuka kuwa haidroksili mbili. Mengi yaliyodhaniwa kuwa nafasi tupu yalikuwa haidrojeni. Kama wenye macho makali namna hiyo walihitaji miaka, sikuwa na haja ya kujichukia kwa bega langu la 531.5.

Na kazi je? Hapa nitasema wazi, kwa sababu nilitamani jibu tofauti. Nilipima utoaji wa haidrojeni kutoka kwenye maji yenye methanoli, kila sampuli ikiwa na platini kidogo juu yake. Kwa taa kamili, unga wa majivu ulishinda ule mweupe. Nilipoweka kichujio kinachokata kila kitu chini ya nanomita 420, ukabaki mwanga unaoonekana tu, kipimo kikalala karibu na sifuri. Rangi ilikuwepo, mwanga ulikuwa unamezwa, kazi haikuwepo. Na sampuli niliyoipika kwenye nyuzi 600, iliyokoza kuliko zote, ilikuwa dhaifu hata kwa taa kamili.

Sababu inatoka kwenye ile elektroni iliyokaa juu ya titani. Mwanga mwekundu ukiipiga, inaruka kwenda kanda ya upitishaji, ni kweli, lakini haikuacha tundu kwenye kanda ya valensi. Bila tundu hilo hakuna nguvu ya kuoksidisha. Ubuluu ni mwanga uliomezwa na kugeuka joto. Faida niliyoiona kwa taa kamili ilitoka kwingine: elektroni za haidrojeni zinaongeza upitishaji, hivyo elektroni inayorushwa na urujuanimno inafika kwenye platini kabla haijarudiana na tundu lake. Zikizidi, zinageuka vituo vya kurudiania, na faida inaliwa. Kundi lililofanya kazi na nyuzi ndogo za rutili zilizotiwa haidrojeni lilichapisha mwaka uleule wa 2011 matokeo ya namna hiyo: mkondo wa umeme uliongezeka sana, na ongezeko lilitoka hasa kwenye urujuanimno. Ningeisoma makala hiyo kwa makini kama nilivyoisoma ile ya weusi, ningeokoa mwaka. Hii haimaanishi chembe za Chen na Mao ni masizi. Zile zina gamba lisilo na mpangilio linalozunguka kiini cha fuwele, na habari yake ni ndefu kuliko unga wangu. Ninachosema ni kwamba rangi peke yake haijathibitisha kitu, na kila anayepika unga mweusi anadaiwa sampuli ya argoni na kichujio cha 420.

Jibu la swali la mwalimu nililipata mwishoni, na halikutoka kwenye unga. Unga una uso mkubwa mno, na uso wote una haidroksili za maji ya hewani. Nikaomba kipande cha fuwele moja ya rutili, chenye unene wa milimita moja, cha manjano hafifu na angavu kama kioo. Kwenye infraredi, haidrojeni iliyo ndani ya rutili hutoa mstari mwembamba karibu na 3290 kwa kila sentimita: ni mtetemo wa protoni kwenye oksijeni yake. Nikakipima kabla ya kukifanya chochote, na mstari ulikuwepo tayari. Nilidhani nimechanganya vipande. Kumbe fuwele nyingi za rutili hukuzwa kwa njia ya Verneuil, ndani ya mwali wa haidrojeni na oksijeni. Kipande changu kilizaliwa na haidrojeni ndani yake.

Basi nikatumia deuteriamu, haidrojeni nzito. Kemia yake ni ileile, lakini uzito wake maradufu unapunguza kasi ya mtetemo, na mstari unahamia karibu na 2440, mahali ambapo kipande changu hakikuwa na kitu. Hakuna unyevu wa hewani unaoweza kuuigiza. Nilikipasha kwenye nyuzi 500 ndani ya deuteriamu iliyochanganywa na argoni, na pacha wake ndani ya argoni tupu. Rutili ina njia nyembamba zinazokwenda sambamba na mhimili wake wa c, na haidrojeni hupita humo kwa wepesi kuliko upande mwingine wowote, kwa hiyo nilihakikisha uso uliokatwa unazifungua njia hizo.

Pacha wa argoni alitoka manjano hafifu kama alivyoingia. Cha deuteriamu kilitoka buluu, buluu ya kina unayoweza kuona kupitia kwake. Nikakiweka kwenye kifaa, nikasubiri mstari ujichore. Kwenye 2440 palisimama kilele chembamba, peke yake.

Nilikwenda na karatasi na kipande chenyewe kwa mwalimu. Alikiangalia kilele, akauliza, “Na utajuaje kwamba ubuluu ni wa hii, si wa oksijeni iliyotoka?”

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimekipasha kipande pacha kingine, kilichotiwa deuteriamu siku moja na hiki, hewani kwenye nyuzi 300, kidogo kidogo, nikipima kila baada ya saa mbili. Nilimwekea mezani karatasi sita zilizofuatana na picha sita. Kutoka ya kwanza hadi ya sita, kilele cha 2440 kinapungua na ubuluu unafifia kwa hatua zilezile, na kwenye ya mwisho vyote viwili havipo tena.